Hema Huondoka na Mheshimiwa

Ukitaka kujua kama uwanja wa umma umejengwa na mtu aliyefikiria, usiende siku ya kuuzindua. Siku hiyo kila kitu huwa poa. Hema jeupe limesimama, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, chupa za maji baridi zimepangwa mezani, na waheshimiwa wameketi kivulini. Sisi wengine tuko nje ya kamba, jua linatupiga utosini, na bado tunapiga makofi. Saa tisa hotuba zimeisha, utepe umekatwa, magari yameondoka. Wanakuja vijana wa hema, wanang'oa vyuma, wanakunja turubai, wanarusha kwenye pikapu, kwaheri.

Rudi kesho yake saa nane mchana. Utapata kabro inawaka. Utapata benchi mbili za zege ambazo hakuna mtu amezikalia, kwa sababu ukizikalia unaungua. Utapata mulika mwizi moja ndefu katikati, na mbwa amelala kwenye kile kivuli chembamba cha nguzo yake, anahama kidogo kidogo jua likihama. Huyo mbwa ndiye mtumiaji pekee wa mradi.

Sasa niambieni kitu kimoja. Kama hawakujua kwamba jua la huku linaumiza, hema walikodi ya nini?

Walijua. Wanajua. Kila hafla wanakodi kivuli cha saa tano kwa ajili yao, halafu wanatuachia uwanja wa miaka ishirini usio na kivuli hata kimoja. Hiyo ndiyo hasira yangu ya leo, na nataka niieleze pole pole ili mtu asiseme ni kelele za mitandaoni.

Usenge, saa nane mchana

Kwa wasee ambao hawajafika: Usenge iko Yimbo, upande wa Bondo, Kaunti ya Siaya. Ni mji wa samaki. Ukisimama ufukweni unaona boti za kwenda kisiwa cha Mageta, na ukigeuka nyuma unaona Got Ramogi, mlima ambao wazee wanasema Wajaluo waliotoka kaskazini walipiga kambi hapo kwanza kabla ya kutawanyika. Ikweta iko karibu sana. Hapa hatuna msimu wa baridi wa kupumzikia. Jua ni la Januari hadi Desemba.

Sasa mtazame mama wa omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo mzigo unafika asubuhi. Ananunua, anatandaza kwenye nyavu chini, na kuanzia hapo jua ni mshirika wake wa biashara. Likiwa kali, omena inakauka vizuri na bei inasimama. Mvua ikimshtukiza, omena inaharibika na inaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwa hivyo mama hawezi kulikimbia jua. Lazima akae karibu, ageuze, afukuze ndege, aangalie mawingu.

Lakini yeye mwenyewe si omena. Yeye hapaswi kukaushwa.

Ndiyo maana ameshapata suluhisho lake. Miti minne, gunia juu, kamba. Au mwavuli mkubwa wa matangazo uliopauka hadi jina la kampuni halisomeki. Kivuli chake ni kidogo, kinahamishika, na kiko palepale kazi ilipo: omena juani, mtu kivulini, mita mbili kati yao. Ukiniuliza, huo ndio ubunifu bora wa usanifu katika ufuo wote, na aliyeubuni hakuwahi kulipwa hata bob. Halafu siku ya "kupendezesha ufuo" ikifika, kitu cha kwanza kuondolewa ni hilo gunia. Ati ni uchafu.

Mtu akikuonyesha mchoro wa uwanja mpya wa samaki, tafuta vitu viwili tu. Omena itaanikwa wapi? Mama atakaa wapi akiichunga? Kama mchoro umejibu swali moja tu, urudishe.

Simu yako haikwambii yote

Kuna watu wataniambia, "Kwani Usenge ina joto gani? Simu inasema digrii 30. Dubai wanaona 45." Sawa. Tuongee sayansi kidogo, haitauma.

Zile digrii kwenye simu ni joto la hewa, na joto la hewa hupimwa kivulini. Watu wa hali ya hewa huweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, makusudi, ili jua lisikiguse. Kwa hivyo ile 30 ni 30 ya mtu aliyekaa ndani ya kisanduku. Wewe uko nje.

Mwili wako unapata joto kwa njia kadhaa kwa mpigo. Kuna hewa yenyewe. Kuna miale ya jua inayokupiga moja kwa moja. Kuna joto linalorudishwa na kila kitu kilichopata moto karibu nawe: kabro, ukuta, mabati, lami. Lami nyeusi ikichomwa na jua la mchana hupita digrii 50 bila shida. Gusa kiti cha nduthi iliyoachwa juani saa nane, utaelewa bila mimi kuandika zaidi. Halafu kuna unyevu. Ziwa liko hapo, hewa imebeba maji, jasho halikauki haraka, na jasho lisilokauka halikupoozi. Mwisho kuna upepo, ambao ndio unakuokoa.

Ukitoka kivulini ukasimama juani, kipimajoto cha hewa kinasogea kidogo tu, lakini mwili unaweza kuhisi kama joto limepanda digrii 10 au zaidi. Hewa ni ile ile, mahali ni pale pale, hatua tatu tu. Ndiyo maana nasema huwezi kupunguza joto la Siaya, lakini unaweza kabisa kupunguza joto la uwanja mmoja. Hatuombi serikali ipambane na jua. Tunaomba isimame kati yetu na jua.

Jua la ikweta lina tabia zake

Hapa ndipo nakasirika zaidi, kwa sababu michoro mingi inaonekana ilinakiliwa kutoka nchi ambazo jua huwa limelala upande mmoja wa anga. Huko ukuta mrefu unaweza kukupa kivuli mchana wote. Huku sahau. Karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu. Ukuta hauna kivuli, nguzo haina kivuli, hata wewe unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Juni jua linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini. Na kwa sababu saa ya Kenya imepangwa kwa nyuzi 45 za longitudo na Usenge iko kama 34, jua letu la utosi halifiki saa sita. Linafika kati ya saa sita unusu na saa saba. Kwa hivyo zile saa mbaya ni saba, nane, tisa, hadi kumi, muda ambao watoto wanaelekea kutoka shule na soko bado halijafungwa.

Maana yake ni nini kwa fundi? Moja, kivuli cha huku lazima kitoke juu. Paa au majani. Dua na kuta hazitoshi. Mbili, banda la soko liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, ambako jua halisumbui sana, na zile ncha fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Tatu, paa litokeze nje ya nguzo vya kutosha pande zote mbili, maana jua letu linabadilisha upande mara mbili kwa mwaka.

Haya mambo hayaongezi gharama. Kugeuza mchoro kwenye karatasi kabla ya kuchimba msingi hakuna bei. Lakini nenda uangalie mabanda mangapi yamewekwa yakitazama barabara tu, ili yapendeze kutoka kwa gari la mheshimiwa, huku upande mzima mrefu ukipokea jua la saa kumi usoni.

Upepo wa ziwa tumepewa bure

Kila mvuvi anajua hii kuliko profesa. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na ile baridi ya ziwa inaingia kuchukua nafasi yake. Usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Babu zetu walipanga safari za mashua kwa huo mpango.

Kwa hivyo mchana, wakati tunaumia zaidi, kuna feni kubwa ya bure inawashwa kutoka ziwani. Na sisi tunafanya nini? Tunajenga ukuta wa mawe ufukweni. Tunaweka msururu wa vyoo, ofisi na stoo upande wa maji, halafu soko nyuma yake. Tumezima feni.

Kuna mtego hapa, nakubali. Usenge ziwa liko magharibi, na jua la jioni linatoka upande huo huo wa upepo. Ukifungua kabisa, jua linakuingia machoni. Ukifunga kabisa, unakosa upepo. Jibu liko kwenye mti wenyewe. Mti mkubwa una shina wazi chini na majani juu: upepo unapita chini, jua linazuiwa juu. Kwenye banda unaweza kuning'iniza mikeka ya mafunjo upande wa magharibi, unaishusha saa tisa na kuikunja jioni. Mafunjo yamejaa Yala Swamp, na watu wa Yimbo wanaojua kuyasuka hatuhitaji kuwatafuta Nairobi.

Kuhusu mabati: mabati matupu yaliyo karibu na kichwa ni jiko. Yanapata moto, yanakumwagia huo moto. Yainue juu, acha mwanya kileleni hewa moto itoke, weka dari ya mkeka au ya kitu chochote chepesi chini yake. Francis Kéré wa Burkina Faso alifanya jambo la aina hiyo kwenye shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, iliyokamilika 2001: dari ya udongo yenye mianya, na mabati yameinuliwa juu yake ili hewa ipite katikati. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa zaidi kwa wasanifu majengo duniani. Na kabla ya hapo, 2021, ofisi yake ilikamilisha chuo cha vijana cha teknolojia huku huku Kenya, Turkana, kando ya ziwa lingine, chenye minara ya kutoa hewa moto iliyobuniwa kwa kuangalia vichuguu vya mchwa. Mchwa, buda. Mchwa wamejua kupumua kwenye joto kabla ya kamati yoyote ya zabuni.

Tulishajua haya zamani

Nenda Lamu, mbele ya ile ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kuna uwanja unaitwa Mkunguni. Sikiliza jina lenyewe: penye mkungu. Watu waliupa uwanja jina la mti, kwa sababu bila mti hapakuwa na uwanja, palikuwa na nafasi wazi tu. Mpaka leo watu wanakaa hapo chini ya miti mikubwa, wanacheza bao, wanapiga soga, wanasubiri mambo. Vichochoro vyembamba vya mji wa kale vinakulinda njiani, na baraza za mawe mbele ya nyumba zinakupa pa kukaa. UNESCO iliuweka mji huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Watalii wanavuka bahari kuja kupiga picha kitu ambacho sisi tunaambiwa hakiwezekani.

Na usiseme hiyo ni ya Waswahili wa pwani. Huku kwetu chifu anaitisha baraza wapi? Chini ya mti. Harambee ya kanisa, kikao cha matanga, mkutano wa chama cha akina mama? Chini ya mti. Mwembe, ober, mkuyu. Hakuna mzee wa Yimbo aliyewahi kuitisha kikao katikati ya uwanja mtupu saa nane. Angeonekana hana akili. Inakuwaje akili hiyo inapotea ikiandikwa jina "mradi"?

Mimi mwenyewe nilishuhudia. Mahali fulani huku ziwani, jina nalibana, palikuwa na mti karibu na steji. Mti wa kawaida, hakuna mtu aliyekuwa anaupiga picha. Chini yake kulikuwa na mama wa mandazi, fundi viatu, watu wa nduthi kama kumi, na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kubishana tu. Siku moja tukaamka tukapata umekatwa. Sababu tuliyopewa: mizizi itainua kabro. Kabro yenyewe ilikuwa haijafika. Ilikuja miezi baadaye. Mama wa mandazi alihamia kwenye veranda ya duka, mwenye duka akamfukuza, sijamwona tena. Watu wa nduthi sasa wanakaa juu ya pikipiki zao juani wakiwa wamevaa majaketi. Wazee waliacha kuja. Tulipata mita kadhaa za kabro, tukapoteza mahali.

Vijana tunakaa wapi?

Hii sehemu ni yetu, kwa hivyo nisikilizeni vizuri.

Kila mtu mzima analalamika vijana tunakaa kwenye vibanda vya kamari. Ni kweli, na mimi sipendi. Lakini fikiria. Ni saa nane, uko mjini, hakuna kazi, unasubiri rafiki au unasubiri matatu. Sehemu zenye kivuli, kiti na feni ni gani? Kamari, baa na hoteli. Kamari kuna runinga pia. Ukikaa hotelini lazima ununue chai. Ukikaa baa lazima uagize. Ukikaa kamari, "weka tu hamsini". Kila kivuli mjini kina bei mlangoni.

Kivuli cha bure kikikosekana, kivuli cha kulipia kinashinda. Halafu tunahubiriwa maadili na watu wanaoishi ndani ya magari yenye kiyoyozi.

Nataka uwanja ambapo naweza kukaa saa mbili bila kununua kitu. Mahali msichana wa miaka kumi na saba anaweza kusomea akimsubiri mamake amalize kuuza, bila kwenda kukaa ndani ya banda la mtu. Mahali mpira wa jioni unaweza kuanza saa kumi badala ya saa kumi na mbili. Hivyo si vitu vya kifahari. Ni kivuli, benchi ya mbao na bomba la maji.

Na tuseme ukweli kuhusu sisi pia. Ule uwanja wa kabro wenye taa za rangi na herufi kubwa za jina la mji, nani anauposti? Ni sisi. Tunaenda saa kumi na mbili na nusu jioni mwanga ukiwa mzuri, tunapiga picha, tunaandika "mji wetu unang'aa", tunaondoka. Viongozi wanajenga kwa ajili ya hiyo picha kwa sababu hiyo picha ndiyo tunawalipa nayo. Mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Nimeacha.

Kisumu, angalia mfano

Mei 2022 Kisumu ilipokea wageni wa Africities, ule mkutano mkubwa wa miji ya Afrika. Kuelekea hapo mji ulitengenezwa kweli: njia za waenda kwa miguu katikati ya mji, na mahali palipokuwa soko la Oile pakawa bustani. Sitaki kuwa mtu wa kupinga kila kitu. Njia ya miguu ni bora kuliko kukimbizana na tuktuk.

Lakini nakupa zoezi. Siku moja ya Februari, saa nane mchana, tembea kutoka steji ya mabasi mpaka ziwani na uhesabu hatua unazopiga kivulini. Halafu pita Kibuye uangalie wauzaji wamejitengenezea nini wenyewe kwa miavuli, vitambaa na nailoni. Utajua mara moja ni nani anayeelewa hali ya hewa ya huu mji. Na ujiulize kuhusu Oile: bustani yenye kivuli ni nzuri, lakini aliyekuwa akiuza pale, kivuli chake kipya kiko wapi? Mji unaotoa kivuli kwa anayepumzika na kumnyang'anya anayefanya kazi haujaelewa swali.

Freetown, Sierra Leone, walilielewa. Oktoba 2021 walimteua Eugenia Kargbo kuwa afisa wa jiji wa mambo ya joto, wa kwanza katika bara hili. Kati ya kazi alizosimamia ni kuweka mapaa ya kivuli juu ya masoko matatu ya wazi, ambako wauzaji wengi ni akina mama. Hawakuwafukuza. Waliwafunika. Medellín, Kolombia, kuanzia 2016 walipanda njia 30 za kijani kando ya barabara na mifereji, wakawafundisha wakazi wa mitaa maskini kazi ya bustani, na jiji linasema joto limeshuka kama digrii 2. Hiyo ni miji yenye shida za pesa kama sisi.

Na hali haitungoji. Machi 2024, jirani zetu Sudan Kusini walifunga shule nchi nzima kwa sababu joto lilitarajiwa kufika digrii 45. Sisi hatuko huko. Lakini anayepanda mti leo anampandia mtoto wa 2040, na huyo mtoto hatakuwa na hali ya hewa tuliyo nayo.

Visingizio, kimoja kimoja

"Miti huleta wezi." Mwizi anapenda giza na mahali pasipo watu. Uwanja usio na kivuli ndio hauna watu. Weka taa chini ya miti, pogoa matawi ya chini, watu wakae, mwizi atahama mwenyewe.

"Mizizi itainua kabro." Itainua ukipanda mti kwenye kishimo cha ukubwa wa sufuria na kuuzungushia zege mpaka shingoni. Acha udongo wazi kuuzunguka, upana wa kutosha, maji ya mvua yaingie, mizizi ishuke chini. Na chagua mti wa mahali: ober, siala, mwembe, mwarobaini. Mikaratusi hapana. Inakunywa maji na kivuli chake ni cha kubahatisha.

"Ndege watachafua samaki." Hii ni hoja ya kweli, naiheshimu. Aliyewahi kupita chini ya mti wenye makorongo Kisumu anajua ninachosema. Ndiyo maana meza za samaki ziwe chini ya paa, na miti iwe juu ya watu, njia, steji na benchi. Kila kivuli na kazi yake.

"Mti unachukua miaka kumi na tano." Ndiyo, na mngeupanda kwenye mradi wa kwanza wa ugatuzi, 2013, leo tungekuwa chini yake. Panda mwanzo wa mvua za Machi, na kwa hii miaka ya katikati weka nyavu za kivuli, zile za wakulima wa miche, juu ya nguzo na nyaya. Mti ukikua, nyavu zinashuka.

"Watu wamezoea jua." Nani? Aliyesema hivyo alikuwa amekaa wapi akisema?

Tufanye nini sasa

Masoko, bustani na fukwe za burudani ni kazi ya kaunti. Iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba, hakuna wa kutupiana mpira. Ibara ya 201 inasema pesa za umma zitumike kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Na kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha ni 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni 30 Aprili. Ukienda kulalamika siku ya kuzindua, umechelewa karibu miaka miwili. Siku ya kuzindua pesa imeshakuwa kabro.

Kwa hivyo wakati ule mkutano wa maoni ukitangazwa kwa karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wadi, twendeni. Tusiende kusema "tunaomba maendeleo". Twende na maswali manne:

Saa nane mchana, kivuli cha uwanja huu kiko wapi kwenye mchoro?

Banda linatazama wapi, na upepo wa ziwa unaingilia upande gani?

Miti iliyopo itabaki mingapi, na nani atamwagilia mipya miaka mitatu ya kwanza?

Wanaouza hapa leo watakaa wapi siku kazi ikianza, na watarudi lini?

Mchoro usiojibu hayo haujakamilika, hata kama una rangi nzuri na watu weupe waliobandikwa na kompyuta wakitembea na mbwa.

Na hema. Mradi wowote wa uwanja wa umma ukizinduliwa huku ziwani, tudai jambo moja dogo: hafla ifanyike bila hema. Saa nane mchana. Waheshimiwa wakae kwenye benchi zile zile walizotujengea, juu ya kabro ile ile, na hotuba iwe na urefu wanaoutaka wenyewe. Wakiweza kukaa mpaka mwisho bila kuinuka, uwanja ni mzuri na nitaupigia makofi. Wakiitisha mwavuli dakika ya kumi, tutakuwa tumepata ripoti ya ukaguzi bila kumlipa mtaalamu.